Moto Nje, Maji Ndani: Dohani za Hita za Gesi katika Nyumba za Nachingwea na Ruangwa

(Mhadhara kwa mafundi, wenye nyumba za wageni, walimu na watumishi wa afya)



   Mmeacha shughuli zenu, wengine mkitoka Ruangwa, wengine hapahapa Nachingwea, kuja kusikiliza habari za kitu ambacho kwa wengi ni kidogo: bomba la bati linalotoa moshi wa hita ya gesi.

Nieleze mapema shabaha yangu. Hita ya gesi ya kupashia maji ya kuoga ni kifaa kizuri kikifungwa sawasawa. Kikifungwa ovyo kinaua, tena kinaua watu wazima wenye afya zao, kwa muda mfupi, mlango ukiwa umefungwa kwa ndani. Kati ya hali hizo mbili, mara nyingi kinachotofautisha ni dohani. Nataka tukiondoka hapa kila mwenye nyumba ajue la kuuliza, kila fundi ajue la kujenga, na kila mhudumu wa afya ajue la kutambua. Nina hoja sita.

Yupo anayejiuliza: Nachingwea na joto lake lote, hita ya nini? Ni swali la haki. Lakini Juni na Julai, upepo wa kusi ukishika, maji ya tangi alfajiri yanauma mwilini. Mama aliyejifungua huogeshwa kwa maji ya moto, na jambo hilo kwetu halina mjadala. Wapo wagonjwa, wapo wazee, wapo watoto wachanga. Tena biashara ya korosho na uchimbaji wa madini ya kinywe huko Ruangwa vinaleta wageni, nyumba za wageni zinaongezeka, na mgeni wa siku hizi huuliza maji ya moto mapema. Umeme ukikatika, mwenye gesti anaukumbuka mtungi wa gesi. Kifaa hiki kinakuja kwetu, na kwingine kimeshafika. Ni heri maarifa yakitangulie.

Hoja ya kwanza: Wazee wetu waliuweka moto mbali na vitanda

Tazameni nyumba ya zamani ya Kimwera, au nyumba yoyote ya kijiji chetu. Jiko lilikuwa banda la pembeni, au mafiga matatu uani. Paa lilikuwa la nyasi, na kati ya ukuta na paa palibaki uwazi. Moshi ulitoka bila kuombwa. Maji yalichemshwa huko nje, yakamiminwa kwenye ndoo, ndoo ikaingia bafuni. Hata katika nyumba za watumishi wa serikali ya kikoloni na za wamisheni, maji ya kuoga yalipashwa kwenye pipa lililojengewa nje ya ukuta, kuni zikiwaka chini yake, na bomba likapitisha maji hadi bafuni. Aliyekuwa anaoga hakuvuta hewa moja na moto. Kanuni yao inaingia katika maneno manne: moto nje, maji ndani.

Hita ya gesi ilivunja kanuni hiyo tangu ilipozaliwa. Mwaka 1868, mjini London, Benjamin Waddy Maughan alitengeneza kifaa cha kupasha maji papo kwa papo kwa moto wa gesi, kikawekwa bafuni. Kilipasha maji vizuri sana. Hakikuwa na dohani. Gesi zote za moto ule zilibaki chumbani na mwogaji. Tangu hapo wahandisi wametumia zaidi ya miaka 150 kurekebisha upungufu huo, na kanuni nyingi nitakazozitaja leo zimetokana na vifo vya watu kwingine. Hatuna sababu ya kuvirudia Nachingwea ili tujifunze upya.

Nyumba zetu nazo zimebadilika. Msimu wa korosho ukienda vizuri, minada ya chama chetu kikuu cha ushirika, RUNALI, ikatoa bei inayoeleweka, mtu anamaliza nyumba: matofali ya saruji, bati, dari ya jipsamu, madirisha ya alumini yenye vioo vya kuteleza, mlango wa bafu unaobana. Ni maendeleo, na tunayapongeza. Ila nyumba hiyo haipumui kama ile ya nyasi. Dari imeziba uwazi wa juu, kioo kimeziba dirisha, raba imeziba mlango. Moto ambao katika banda la zamani ungemwasha mtu macho tu, katika bafu hili unaweza kumlaza moja kwa moja.

Dohani ndiyo inayoturudisha kwenye kanuni ya wazee. Moto ukiwa ndani lakini moshi wake wote umepelekwa juu ya paa, ni sawa na moto ulio nje.

Hoja ya pili: Anayeua haonekani wala hanuki

Watu wa Ruangwa mnaifahamu kaboni kuliko mnavyodhani, maana kinywe mnachokiona kikichimbwa ni kaboni. Kaboni imo pia katika mkaa, katika kuni na katika gesi ya mtungi. Ikiungua kwa hewa ya kutosha, kila chembe yake hujishika na chembe mbili za oksijeni, ikawa kaboni dayoksaidi, ileile tunayoitoa tukipumua. Hewa ikipungua, kaboni hupata chembe moja tu ya oksijeni. Hiyo ndiyo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho, haikohozeshi.

Ikiingia mapafuni, hujishika na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Damu inazunguka kama kawaida, lakini inachokibeba hakiufai mwili. Ubongo na moyo vinakosa oksijeni, na mtu analegea kabla hajajua kwamba yumo hatarini. Wengine hukutwa sakafuni karibu na mlango, kwa sababu miguu iliisha nguvu kabla ya akili kushtuka.

Hapa naomba watumishi wa afya wanisikilize kwa makini. Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika na uchovu. Katika mkoa wetu, mtu akieleza hayo, sote tunafikiri malaria. Basi ongezeni maswali matatu. Je, ana homa? Sumu hii kwa kawaida haileti homa. Je, wameugua wengi wa nyumba moja kwa wakati mmoja? Je, anapata nafuu akitoka nje, kisha hali inarudi akiingia ndani? Majibu yakielekea huko, ulizeni habari za moto: hita, jiko la mkaa, jenereta.

Tena msidanganywe na kile kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni, ambacho vituo vingi vilikizoea wakati wa UVIKO-19. Kipimo cha kawaida hakiwezi kutenganisha damu iliyobeba oksijeni na damu iliyobeba kaboni monoksaidi. Kinaweza kuonyesha 98 wakati mgonjwa anakufa. Mpeni oksijeni kwa barakoa bila kungoja. Kwa hewa ya kawaida, nusu ya sumu hutoka katika damu baada ya saa nne hadi sita. Kwa oksijeni tupu, muda huo hushuka hadi kiasi cha saa moja au saa moja na nusu.

Na kwa sisi wa nyumbani: maziwa hayaondoi sumu hii. Kumnywesha maziwa mtu aliyezimia ni kumpalia. Mtoe nje kwanza, funga gesi, fungua milango, kisha mkimbize kituo cha afya. Anayeingia kumwokoa abane pumzi na asikae, maana wengi wamekufa wakiwafuata ndugu zao.

Sumu hii haichagui cheo. Februari 2005, Waziri Mkuu wa Georgia, Zurab Zhvania, alikutwa amekufa katika nyumba mjini Tbilisi, na taarifa rasmi ya uchunguzi ilitaja kaboni monoksaidi kutoka kwenye hita ya gesi iliyofungwa vibaya, ingawa wapo ndugu zake ambao hawakuridhika na taarifa hiyo. Mwaka 1902, mwandishi mkubwa wa Ufaransa, Émile Zola, alifia chumbani kwake mjini Paris kwa sababu dohani ilikuwa imeziba. Hapa kwetu, kifo cha namna hiyo kikitokea, watu wawili wazima wamelala hawakuamka, hawana jeraha, minong'ono ya ushirikina huanza kabla jeneza halijafika. Ndugu zangu, kabla hatujamtafuta mchawi, tuutafute moto.

Hoja ya tatu: Hesabu ya hewa haina huruma

Fundi mmoja anaweza kusema: "Jiko la gesi linawaka jikoni siku zote bila dohani, hita ina nini?" Tuhesabu pamoja.

Kichomeo cha jiko la kupikia kina nguvu ya kilowati mbili au tatu. Hita ndogo, ile ya lita 6 kwa dakika, hula kiasi cha kilowati 12, yaani vichomeo vinne au zaidi kwa pamoja. Kwa saa moja hutumia karibu kilo moja ya gesi. Kilo moja ya gesi ya mtungi inahitaji kiasi cha mita 13 za ujazo za hewa ili iungue sawasawa.

Sasa pimeni bafu letu: upana mita moja na nusu, urefu mita mbili, kwenda juu mita mbili na nusu. Hiyo ni mita saba na nusu za ujazo. Hita hiyo ikiwaka saa nzima inadai hewa inayokaribia mara mbili ya ujazo wa bafu hilo. Huhitaji saa nzima. Dakika kumi za kuoga, moto umekwisha kutumia zaidi ya robo ya hewa ya chumba, na badala yake umerudisha kaboni dayoksaidi na mvuke, maana kila kilo ya gesi ikiungua huzaa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji. Oksijeni inashuka, mwali unabadilika kutoka bluu kuwa njano, na kaboni monoksaidi inaanza kupanda. Mwogaji wa pili anaikuta. Wa tatu anaikuta imekomaa.

Ndiyo maana nchini Uingereza kanuni za usalama wa gesi za mwaka 1998 zinakataza kufunga bafuni hita inayovuta hewa ya chumba hicho. Inaruhusiwa tu ile iliyofungwa pande zote, inayovuta hewa kutoka nje na kutolea moshi nje. Nasi tushike hivyo hivyo: hita ya kawaida isiwekwe bafuni, wala chumba cha kulala. Iwekwe kwenye baraza la nyuma au ukuta wa nje wenye kivuli na kinga ya mvua, maji yaingie kwa bomba. Kwa hali ya hewa ya huku, ambako hatuna baridi ya kugandisha mabomba, hilo linawezekana karibu kila nyumba. Na moto ukiwa nje kweli, nusu ya mhadhara wangu inakuwa haina kazi, na nitafurahi sana.

Hoja ya nne: Dohani hujengwa kwa kanuni

Yapo mazingira ambayo hita lazima ikae ndani, labda katika chumba cha mitambo au jiko kubwa la gesti au la shule. Hapo ndipo dohani inapohitajika.

Dohani haina injini. Inavuta kwa sababu gesi ya moto ni nyepesi kuliko hewa ya nje, basi inapanda, na ikipanda inavuta nyingine nyuma yake. Nguvu ya mvuto huo ni ndogo mno. Dohani ya mita tatu, gesi yake ikiwa na nyuzi 150 na hewa ya nje nyuzi 30, huvuta kwa paskali kama kumi tu. Mchana wa Oktoba hapa Nachingwea, jua likiwa kali, tofauti ya joto inapungua na mvuto unapungua nao. Ndiyo kusema sisi wa nchi za joto tunahitaji dohani ndefu na iliyonyooka zaidi, wala tusijidanganye kwamba kwa kuwa hakuna baridi basi bomba fupi linatosha.

Ndugu mafundi, chukueni kalamu.

*Moja: kipenyo.* Bomba lisiwe jembamba kuliko mdomo wa hita. Ukikosa la saizi hiyo, tafuta pana kidogo, usilazimishe jembamba.

*Mbili: anza kwa kupanda.* Kutoka kwenye hita, bomba lipande wima angalau sentimita 60 kabla ya elbo ya kwanza. Wengi wanapiga kona palepale juu ya hita ili watokee ukutani kwa haraka. Hapo gesi haijapata nguvu ya kupanda, inarudi chumbani.

*Tatu: kona chache.* Elbo zisizidi mbili. Panapobidi bomba lilale, liwe fupi na lipande angalau sentimita mbili kwa kila mita moja. Lisilale bapa, wala lisishuke hata kidogo.

*Nne: maungio.* Hili naomba mafundi bati walitazame vizuri. Mdomo wa chini wa bomba la juu uingie ndani ya bomba lililo chini yake. Ule mvuke niliousema hupoa njiani ukawa maji yanayotiririka kwenye kuta za bomba. Ukiunga hivyo, maji yanabaki ndani. Ukigeuza, yanapenya kwenye kila kiungo, bati linapata kutu kwa nje, na baada ya msimu mmoja au miwili kunakuwa na upenyo palepale usipopaona, juu ya dari. Funga kila kiungo kwa skrubu au ripiti. Utepe wa plastiki si kitu cha kufungia dohani.

*Tano: malighafi.* Chuma kisichoshika kutu ndicho bora. Bati zito hufanya kazi kwa muda, likikaguliwa. Bomba la plastiki la maji taka halifai hata kidogo, kwa sababu linalainika na kuporomoka kwa joto. Mabomba ya zamani ya asbesto yasiguswe, yasikatwe wala yasitobolewe, kwa sababu vumbi lake linaharibu mapafu.

*Sita: mbao na nyasi.* Dohani ya bati la ukuta mmoja ikae angalau sentimita 15 kutoka kwenye kenchi, papi, dari na mbao yoyote. Inapopenya paa la bati, iwekewe kola ya bati pana inayozuia mvua bila kubana bomba. Kwenye paa la nyasi au makuti isipite kabisa. Ipite nje ya ukuta.

*Saba: kilele.* Dohani isiishie kwenye dari. Narudia: isiishie kwenye dari. Kumwaga gesi juu ya jipsamu ni kuihifadhi ishuke usiku vyumbani. Ipande ipite paa, izidi angalau sentimita 60 juu ya kitu chochote kilicho ndani ya mita tatu, na isiwe karibu na dirisha. Iwekewe kofia ya kuzuia mvua iliyoinuliwa vya kutosha, na wavu wa matundu makubwa wa kuzuia ndege. Wavu wa mbu usitumike, maana huziba kwa masizi na vumbi.

Hoja ya tano: Panapotoka hewa lazima paingie hewa

Dohani iliyojengwa kwa kanuni zote hizo, ikiwa ndani ya chumba kilichozibwa, haivuti. Itavuta nini? Chumba chenye hita lazima kiwe na tundu la hewa la kudumu lisilofungika, chini karibu na sakafu, na jingine juu. Matofali ya matundu yanatosha, na kila fundi ujenzi wa hapa anayajua. Tatizo ni mwenye nyumba anayekuja Julai, anasikia baridi, anayaziba kwa matambara. Hapo amezima dohani bila kujua. Feni ya kutolea hewa nayo isiwekwe chumba kimoja na hita ya dohani, kwa kuwa inaushinda mvuto wa dohani na kuurudisha moshi ndani.

Tundu la chini lina kazi nyingine. Gesi ya mtungi, yaani propeni na buteni, ni nzito kuliko hewa kwa mara moja na nusu hadi mbili. Ikivuja hutambaa sakafuni, ikajaa kwenye shimo au chini ya kitanda, ikingoja cheche. Kwa hiyo mtungi ukae nje, umesimama wima, mbali na mashimo ya maji taka. Harufu kali mnayoisikia imetiwa makusudi ili uvujaji ujulikane. Lakini angalieni: harufu hiyo inatuambia kuna gesi ambayo haijaungua. Ile inayotoka kwenye moto mbaya hainuki. Pua yako inakulinda na uvujaji, haikulindi na kaboni monoksaidi.

Gesi asilia ya mkoa wetu ni tofauti. Ile iliyogunduliwa Songo Songo, wilayani Kilwa, mwaka 1974, na ikaanza kutumika 2004, ni metheni kwa sehemu kubwa, nayo ni nyepesi kuliko hewa. Ikivuja inapanda darini. Siku bomba lake litakapofika mitaa yetu, tundu la juu ndilo litakalotuokoa. Na fundi asithubutu kuunganisha hita ya mtungi na gesi asilia bila kubadilisha nozeli kama kiwanda kinavyoelekeza, maana shinikizo na kiasi cha hewa ni tofauti.

Nisiliache jiko la mkaa, kwa sababu ndilo lililomo katika nyumba nyingi zaidi kuliko hita. Mkaa hautoi moshi unaoonekana, ndiyo maana watu wanauamini, wanauingiza chumba cha mama mzazi apate joto, wanafunga mlango. Mkaa unaowaka polepole hutoa kaboni monoksaidi kwa wingi. Jiko la mkaa halina dohani, basi lisilale ndani na watu. Mama zangu na makungwi, hili naliweka mikononi mwenu, kwa sababu sauti yenu inasikika chumbani humo kuliko ya fundi yeyote.

Hoja ya sita: Kazi haijaisha mpaka ipimwe

Kipimo cha kwanza hakina gharama. Fundi akishamaliza, afunge milango na madirisha yote, awashe hita kwa nguvu zote, angoje dakika tano hadi kumi. Kisha awashe kijiti cha udi, akisogeze kwenye mdomo wa juu wa hita, pale bomba linapoanzia. Moshi wa udi ukivutwa kuingia dohanini, dohani inafanya kazi. Ukirudi usoni kwake, ukasambaa chumbani, azime hita hapohapo. Hakuna maelezo mengine yatakayosaidia. Dohani ijengwe upya.

Cha pili ni mwali. Uwe bluu na mkali. Ukiwa njano na mlegevu, au ukiona masizi juu ya hita, hita isitumike mpaka ihudumiwe. Cha tatu ni king'ora cha kaboni monoksaidi, kifaa kidogo cha betri. Mwenye gesti anayetaka kukodisha chumba chenye hita ya gesi karibu ahesabu king'ora ndani ya gharama za ujenzi, kama anavyohesabu kitasa cha mlango. Mwanasayansi Mskoti John Scott Haldane, miaka ya 1890, alijivutisha gesi hii mwenyewe ili aielewe, kisha akawapa wachimba makaa ya mawe wazo la kwenda na ndege wadogo ambao wangelegea kabla ya binadamu. Leo hatuhitaji ndege. King'ora kinatosha.

Mara moja kwa mwaka, kabla ya kusi kuanza, kofia ya dohani ifunguliwe na bomba likaguliwe hadi juu ya dari. Nyigu hujenga udongo humo, ndege hujenga viota, kutu hula. Kwa nyumba za wageni na shule, tarehe ya ukaguzi na jina la fundi viandikwe kwenye kadi ukutani, karibu na hita. Dharura ikitokea, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji linapatikana kwa namba 114, na namba hiyo nayo iandikwe kwenye kadi.

Hitimisho: Tunakoelekea

Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wa 2024 hadi 2034, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zimekwisha kuagizwa kuacha kuni na mkaa. Ni jambo jema. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Lakini gesi inakuwa safi pale tu inapoungua vizuri na pumzi yake inapotoka. Tukihesabu mitungi iliyogawiwa bila kuhesabu matundu ya hewa na dohani, tutakuwa tumefanya nusu ya kazi.

Kwa hiyo naomba manne. Halmashauri zetu mbili, kibali cha ujenzi wa nyumba ya wageni kionyeshe hita itakaa wapi na moshi utatoka wapi, na mkaguzi asitie sahihi kabla hajaona. Vyuo vya VETA, dohani na uingizaji hewa viwe somo la vitendo kwa fundi bomba na fundi bati pamoja, kwa kuwa leo kila mmoja anadhani ni kazi ya mwenzake. Vituo vya afya, maswali matatu niliyoyataja yabandikwe karibu na meza ya mganga. Na mwenye nyumba anayetaka maji ya moto, afikirie kwanza hita ya jua. Jua la Nachingwea tunalo, nalo halina moshi wa kutolewa.

Ukichagua gesi, basi shika neno hili la mwisho. Usimlipe fundi fedha ya mwisho mpaka amefunga milango, amewasha hita, amesogeza udi mbele ya macho yako, na wewe mwenyewe umeuona moshi ukipanda dohanini. Usipopanda, hita isiwashwe tena.